Jahazi la Dhahabu na Shehena Yake

Neno tuzo halikuletwa pwani yetu na sinema. Lilikuwapo tangu zamani katika desturi ya kutuza, na kila aliyepata kuhudhuria taarabu anaijua maana yake. Mwimbaji huimba, wasikilizaji hutulia. Kisha ubeti mmoja humgusa mtu moyoni, naye huinuka, huenda mbele polepole kwa mwendo wa ngoma, akampa mwimbaji fedha mkononi, akarudi kitini pake. Hakuna aliyemwamuru. Ameamua mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa fedha yake mwenyewe, na wote waliopo wameona ni ubeti upi uliomwinua. Huenda jirani yake hakuguswa na ubeti huo hata kidogo; yeye atangoja wa kwake. Tuzo ya namna hii ni uhakiki kamili, ingawa mtoaji wake hakusema neno.

Nimeanza na desturi hiyo kwa kuwa insha hii yahusu tuzo za namna nyingine, zile zinazotolewa katika matamasha ya sinema, na hasa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Nataka kuuliza swali moja tu, nalo ni hili: tuzo hizo zina thamani gani kwa mtu anayekaa Dabaso, ambaye hakualikwa katika uamuzi na pengine hataiona sinema iliyotuzwa?

Kwanza yafaa tujue matamasha haya ni kitu gani. Tamasha la sinema ni mkutano wa siku kadhaa, ambapo sinema mpya kutoka nchi nyingi huonyeshwa katika mji mmoja, na waamuzi wachache huteuliwa kuzitazama na kuzichagua zilizo bora. Lile la Venice, katika Italia, lilianza mwaka 1932, nalo ndilo kongwe kuliko yote. La Cannes, katika Ufaransa, lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1946, na la Berlin mwaka 1951. Katika bara letu, Carthage nchini Tunisia ilianza mwaka 1966, na Ouagadougou nchini Burkina Faso mwaka 1969. Kila mji umeipa tuzo yake sura ya kitu unachojivunia. Venice hutoa simba, Berlin hutoa dubu, Cannes hutoa jani la mtende. Ouagadougou hutoa farasi wa Yennenga, binti wa mfalme anayetajwa katika masimulizi ya Wamosi kuwa ni mama wa taifa lao.

Tamasha la Zanzibar liliundwa mwaka 1997 na kufanyika mara ya kwanza mwaka 1998. Tangu mwanzo lilijiita pia tamasha la nchi za jahazi, yaani nchi zote zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwa vyake, Uarabuni, Ghuba, Uajemi na Bara Hindi. Kwa miaka mingi watazamaji wamekusanyika usiku ndani ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Huketi chini ya nyota, na sinema huonyeshwa katika kuta zilizojengwa kwa ajili ya mizinga. Tuzo kubwa ya tamasha huitwa Jahazi la Dhahabu.

Jina hilo lastahili kufikiriwa. Simba, dubu na farasi ni alama za utukufu. Mwenye kuzipata huziweka juu ya kabati, watu wakazitazama. Jahazi si kitu cha kutazamwa. Jahazi ni chombo cha kazi. Hupakiwa shehena, hutweka tanga, hutoka bandari moja likaenda bandari nyingine, na thamani yake haipimwi kwa uzuri wa mbao zake bali kwa mzigo uliofika salama. Jahazi lililotia nanga mwaka mzima bila ya safari ni kuni zinazongoja kuchanjwa. Na jahazi la dhahabu hasa, kama fundi angeliunda kwa dhahabu tupu, lingezama pale pale pwani. Nadhani waliochagua jina hilo walijiwekea masharti makubwa kuliko walivyodhani. Walisema, kwa ishara, kwamba sinema wanayoituza ni shehena, na kwamba tamasha lao ni safari.

Kama ndivyo, basi Dabaso imo katika habari hii. Kijiji chetu kipo kando ya hori ya Mida, penye mikoko, na ng'ambo kidogo yapo magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Wachimbaji waliochimba Gede tangu mwaka 1948 walikuta vyombo vya kaure kutoka China na ushanga kutoka nchi za mbali. Mji huo ulihamwa karne nyingi zilizopita, lakini vigae vyake vyashuhudia kuwa watu wa upande huu walikuwa wakipokea shehena za dunia kabla ya Venice kufikiri habari za sinema. Nchi za jahazi si Unguja peke yake. Ni sisi pia.

Sasa tutazame tuzo yenyewe. Haifai kuidharau, maana yafanya kazi tatu njema. Kazi ya kwanza ni kuonyesha. Sinema zinazotengenezwa kila mwaka ni nyingi, na mtu mmoja hawezi kuzitazama zote. Tuzo ni kama kidole kinachoelekeza na kusema, tazama hapa. Kazi ya pili ni kutia moyo. Mwongozaji wa sinema katika nchi zetu aghalabu hufanya kazi kwa fedha kidogo na deni kubwa, na heshima humsaidia kupata msaada wa kazi ifuatayo. Kazi ya tatu ni kuhifadhi kumbukumbu. Miaka ikipita, orodha ya tuzo hubaki, na kijana atakayekuja baadaye huweza kujua ni nini kilichowagusa watu wa zamani zake.

Walakini tuzo ya waamuzi ina upungufu ambao tuzo ya taarabu haina. Waamuzi wa tamasha la kimataifa hutoka nchi mbalimbali, na wengi wao hawajui lugha ya sinema wanayoihukumu. Hutegemea tafsiri inayoandikwa chini ya picha. Tafsiri hiyo ni lazima iwe fupi, maana macho yana muda mdogo wa kusoma. Fikiri mtu katika sinema akimwambia mwenziwe kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mzaliwa wa pwani husikia onyo, dhihaka na huruma kwa wakati mmoja. Mwamuzi mgeni husoma habari ya mti wenye miba. Mafumbo, ambayo ndiyo kiungo cha mazungumzo yetu, humpita. Hapendi kudhulumu, lakini amepewa wali bila ya mchuzi akaambiwa apime mapishi.

Na sisi wenye lugha tuna upungufu wetu. Kwa kuwa masikio yetu yanashiba upesi, macho yetu huwa mavivu. Tunacheka neno likitamkwa, tunalia mama akifiwa, kisha tunasema sinema ilikuwa nzuri, bila ya kuona jinsi mwanga ulivyowekwa, jinsi kimya kilivyotumiwa, au kwa nini mwongozaji alitaka tuutazame mlango mtupu kwa muda mrefu. Mgeni huona asichosikia. Mwenyeji husikia asichoona. Mhakiki mwema ni yule anayejifunza kufanya yote mawili.

Mfano mmoja utalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1999 Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar, alitoa riwaya iitwayo Vuta N'kuvute. Yasimulia habari za Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima kuliko yeye kwa miaka mingi. Akakimbia ndoa hiyo, akapokewa na rafiki yake Mwajuma, akapendana na Denge, kijana anayepigania uhuru katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Mwongozaji Amil Shivji wa Tanzania aliifanya riwaya hiyo sinema, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya sinema za kimataifa. Kabla yake, Tanzania ilikuwa imepeleka sinema moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.

Aliyesoma kitabu kwanza huenda akaitazama sinema hiyo kwa malalamiko. Riwaya ina nafasi ya kutosha. Mwandishi huweza kukaa na mtu mmoja mpaka tukajua anavyokunywa kahawa na anavyoogopa polisi. Sinema ina saa moja na dakika kadhaa. Watu wengi wa kitabuni wamepungua, na mabishano marefu ya siasa, ambayo ndiyo damu ya riwaya, yamekuwa mafupi. Msomaji ana haki ya kuyakosa.

Lakini mtazamaji mwenye subira hupata malipo mengine. Mambo ambayo kitabu kiliyaeleza kwa kurasa, sinema huyaweka katika kichochoro cha Mji Mkongwe usiku, watu wawili wakitembea bila ya kusema. Mwajuma huchezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kweli kweli, na anapoimba hatuelezwi kuwa Ng'ambo kulikuwa na furaha na uchungu, twasikia wenyewe. Hapo sinema haikuiiga riwaya, bali imetumia chombo chake yenyewe. Na hukumu yangu ni kuwa sinema hii inastahili heshima iliyopewa, ila kwa sharti kwamba asiyesoma kitabu asidhani amekimaliza. Kitabu chasema zaidi juu ya ukoloni. Sinema yasema zaidi juu ya hofu ya wapendanao. Mwanafunzi atakayevipata vyote viwili na kuvilinganisha atakuwa amejifunza uhakiki kuliko kwa kusoma insha kumi kama hii.

Hapa ndipo swali letu la kwanza linaporudi. Je, mwanafunzi wa Dabaso ataipata wapi? Sinema iliyoandikwa kwa Kiswahili, iliyotungwa na Mswahili, inayohusu mji ambao zamani jahazi liliufikia kutoka kwetu kwa kusaidiwa na upepo tu, imetazamwa Toronto kwanza. Sisemi hivi kwa wivu. Sinema hugharimu fedha nyingi, na mlango wa fedha mara nyingi umefunguka ng'ambo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya embe huenda ni kweli. Katika sinema si kweli hata kidogo. Sinema njema isipotembezwa hubaki kasha lililofungwa, na sinema mbaya yenye fedha hujiuza katika kila simu na kila kibanda.

Historia yatuonyesha kuwa kuzitembeza sinema vijijini kunawezekana, na kwamba kazi hiyo huweza kufanywa vibaya au vizuri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la sinema za mafundisho, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Walitengeneza sinema fupi fupi juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba, wakazipeleka kwa lori katika vijiji vya Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Watu walikusanyika kwa wingi, wakatazama. Lakini waliotazama hawakuulizwa wanataka kuona nini, wala sinema hazikutungwa nao. Shehena ilifika, mwenye kuipokea hakuwa na sauti. Kwa upande wa pili, Tamasha la Zanzibar, katika miaka kadhaa, lilizitoa sinema nje ya Ngome Kongwe na kuzionyesha katika vijiji vya Unguja na Pemba. Safari hii shehena ilikuwa yetu. Kwangu mimi, usiku mmoja wa namna hiyo kijijini, kitambaa cheupe kimefungwa kati ya minazi na watoto wameketi mchangani, una thamani kuliko sherehe ya kukabidhi tuzo. Sherehe humheshimu mtu mmoja aliyetengeneza. Usiku ule huwaheshimu mia waliotengenezewa.

Ousmane Sembène wa Senegal aliliona jambo hili mapema. Alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, tena mwenye sifa. Lakini aliona kuwa wengi aliowaandikia hawakuweza kumsoma, akaenda kujifunza sinema, na mwaka 1968 akatoa Mandabi, iliyosemwa kwa Kiwolofu, lugha ya sokoni na ya nyumbani. Aliihamisha shehena yake kutoka chombo kimoja akaipakia katika kingine, kwa kuwa chombo cha kwanza hakikuweza kuingia katika bandari ndogo.

Kuna mfano mwingine, ambao nauona mtamu kwa sababu unawahusu vijana. Mwaka 2018 sinema ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilionyeshwa Berlin katika sehemu ya sinema za watoto na vijana. Yahusu mtoto wa kike mgonjwa wa maradhi yasiyopona, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoungana kumtengenezea sinema yake mwenyewe. Katika sehemu hiyo ya tamasha la Berlin waamuzi ni watoto. Watoto hao waliitaja sinema ya Kenya kwa heshima maalumu. Tafakari jambo hilo. Watoto wa Ujerumani, wasiojua Kiswahili, waliketi na kupima kazi ya Mkenya, na hukumu yao ikaandikwa. Kama mtoto wa Berlin aweza kuwa mwamuzi, ni sababu gani imzuie mwanafunzi wa Kilifi?

Wala pasiwe na mtu wa kusema kuwa vijana wetu hawana mazoezi ya kuhukumu. Katika vibanda vya video vya pwani sinema za kigeni huonyeshwa zikiwa na sauti ya msimulizi anayezieleza kwa Kiswahili. Msimulizi huyo hatafsiri tu. Humcheka mwoga, humlaani msaliti, humpa jina jipya shujaa asiyempenda. Watazamaji nao hujibu kwa kelele, wakakubali au wakakataa. Ni uhakiki usiopikwa vizuri, lakini moto upo. Kinachokosekana ni kuni bora: sinema zinazostahili kubishaniwa, na desturi ya kuuliza kwa nini baada ya kelele kutulia.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwa wenye matamasha. Tuzo isiwe mwisho wa safari. Sinema inayopewa Jahazi la Dhahabu ingefaa ifungamane na ahadi, kwamba kabla ya tamasha la mwaka ufuatao itaonyeshwa bila ya malipo katika idadi fulani ya shule na vijiji vya nchi za jahazi, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na huko watazamaji waulizwe maoni yao na maoni hayo yaandikwe. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya sherehe. Hapo tuzo ya waamuzi na tuzo ya watu zitakutana, na tutajua kama zinapatana.

La pili ni kwenu, wasomaji. Msingoje kualikwa. Mkipata sinema yoyote yenye sifa, itazameni mara mbili: mara ya kwanza kwa masikio, kama wenyeji, na mara ya pili kwa macho, kama wageni. Jiulizeni ni mahali gani hasa mngeinuka kutuza, kama mtu ainukavyo katika taarabu, na mwandike kwa nini. Mkiona mahali hapo hapapo, semeni hivyo pia, hata kama sinema imepewa simba wa Venice. Na huenda mmoja wenu, akiisha kuzoea kutazama hivyo, atataka kutunga. Habari ya Mekatilili wa Menza, aliyewahimiza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913, akahamishwa mbali, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu, ni shehena inayotosha jahazi kubwa.

Mabaharia wetu walikuwa na onyo: usisafirie nyota ya mwenzio. Tuzo ni nyota ya mwenzio. Yafaa kuiangalia, maana imewaongoza wengine mpaka wakafika. Lakini usukani wa hukumu umo mikononi mwa kila mtazamaji, naye ndiye atakayejibu akiulizwa alikopita. Siku kitambaa cheupe kitakapofungwa kati ya minazi ya Dabaso, na mtoto wa hapa akainuka kusema ni picha ipi iliyomgusa na ipi iliyomchosha, tutaweza kusema kuwa jahazi limefika bandarini.